Nani Anaamua Siku ya Kufa kwa Kompyuta Yako?

Najua nimekuwa kimya, kazi zilinibana. Leo naandika kwa sababu ya simu moja niliyopigiwa Oktoba 2025, simu iliyonifanya nibadilishe mawazo kuhusu jambo ambalo nimelipigia debe kwa karibu miaka ishirini.

Aliyepiga ni mwalimu wa somo la kompyuta katika shule moja ya upili ya kutwa huko kwetu. Tunajuana tangu zamani. Yeye huniita Fundi, mimi humwita Mwalimu, na hakuna anayekumbuka jina halisi la mwenzake kwa haraka.

"Fundi," akasema, "kompyuta zetu zimeandikiwa cheti cha kifo."

Kumbe alikuwa anazungumzia ile arifa ya Microsoft iliyokuwa ikitokea kwenye skrini. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wake. Mashine hazizimiki siku hiyo, la, zinaendelea kuwaka kama kawaida. Kinachokoma ni masasisho ya usalama. Tundu jipya likigunduliwa kwenye mfumo, hakuna anayekuja kuliziba, na shuleni ambako kila mwanafunzi anachomeka flashi aliyotoka nayo saiba, hilo si jambo dogo.

Maabara ya Mwalimu ina tarakilishi 24. Karibu zote ni mitumba kutoka Uingereza, zile Dell OptiPlex nyeusi ambazo mmeziona kwenye kila ofisi na kila saiba nchini. Nyingi zina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne na RAM ya 4GB. Zilinunuliwa kwa pesa za harambee, na Mwalimu anasema kuna wazazi ambao hadi leo hawajamaliza kulipa ahadi walizotoa siku ile mbele ya mheshimiwa. Mashine zenyewe hazina ubaya wowote. Zinachapa, zinahesabu, zinafungua intaneti. Lakini Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kuendelea, yaani zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Za Mwalimu ni za miaka mitatu minne kabla ya hapo. Ziko njia za mkato za kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine kama hizo, lakini Microsoft yenyewe inasema haiungi mkono jambo hilo, na mimi siwezi kuijengea shule maabara juu ya njia ya mkato.

Microsoft ilitangaza mwaka wa ziada wa masasisho kwa watu binafsi, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa masharti fulani ya kujiunga na akaunti yao. Kwa shule bei ilikuwa rahisi ajabu: dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu. Nilipomweleza Mwalimu alifurahi. Kisha nikamuuliza, leseni zenu za shule ziko wapi? Kimya. Mashine zile zilikuja na kibandiko cha Windows 7 cha ofisi fulani ya huko Uingereza, halafu fundi wa mjini akaweka Windows 10 iliyovunjwa kufuli. Ndivyo ilivyo kwetu, tusidanganyane.

Nilimwambia kwamba nitakuja na Linux. Kabla sijawaambia ilivyokwenda, niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa sababu nina deni la kukiri kosa.

Wengine wenu mnakumbuka miaka ile kabla nyaya za chini ya bahari hazijafika Mombasa mwaka 2009. Intaneti ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kujikokota. Kupakua faili ya MB 700 kulikuwa ni kama kusubiri mvua Turkana. Ubuntu ilipotoka Oktoba 2004, ikifadhiliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kampuni yake ya Canonical ilikuwa inatuma CD bure kwa posta, popote duniani, na iliendelea hivyo hadi mwaka 2011. Mimi niliagiza kumi. Zilikuja kwenye sanduku la posta la babangu, akadhani nimejiunga na dhehebu jipya. Na kwa kweli nilikuwa nimejiunga. Nilitembea na zile CD kama mhubiri wa kwenye matatu.

Mmoja wa walionisikiliza alikuwa mwenye saiba mtaani kwetu, mzee mpole aliyekuwa na mashine nane. Nilimwambia: programu hii ni bure, haina virusi, na ni yako. Akakubali. Nikaziweka zote nane usiku mmoja. Baada ya wiki mbili nilipita nikakuta Windows imerudi kwenye zote. Wateja walikuwa wanaleta barua za kuomba kazi zilizoandikwa kwa Word, zikifunguka mistari imeruka. Printa ilikuwa haielewani na mfumo. Modemu nayo ilikuwa na siku zake. Mzee hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kijana wangu, hapa mtu hulipa shilingi moja kwa dakika. Hana dakika ya kujifunza."

Kosa langu lilikuwa wapi? Nilikuwa nauza bei. Nilimwambia ni bure mtu ambaye Windows yake pia ilikuwa bure. Watu wa Ulaya na Marekani wakisema Linux haina gharama, wanaifananisha na leseni inayolipiwa. Sisi tunaifananisha na CD ya Luthuli Avenue. Hoja ya bei ilikufa kabla haijazaliwa, nami niliendelea kuihubiri kwa miaka mingi huku nikishangaa kwa nini waumini hawaongezeki.

Hata hoja ya lugha haikutosha. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili: hati, majedwali, mawasilisho. Hiyo ni kazi ambayo programu huria peke yake iliruhusu, maana hawakuhitaji kumpigia mtu yeyote magoti ili waitafsiri. Microsoft nayo baadaye katika muongo uleule ikatoa sura ya Kiswahili. Nilijivunia sana Jambo. Lakini nikiwa mkweli, niliona watu wachache mno wakiitumia, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kompyuta kwa Kiingereza na "Save" tuliijua kabla ya "Hifadhi".

Kwa wale wageni katika mambo haya, maelezo mafupi. Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kuu inayosimamia mashine, kati ya vyuma na programu unazotumia. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi aliyoyaandika mtengenezaji, uko wazi, na leseni inakupa ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983 akitaka mfumo mzima wa namna hiyo. Kilichokosekana kilikuwa kerneli, moyo wa mfumo, na huo ulikuja mwaka 1991 kutoka kwa mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds, aliyekuwa anajifurahisha tu na mashine yake mpya. Kutokana na mambo hayo mawili zikazaliwa Debian, Ubuntu, Fedora, Mint na nyinginezo mamia. Basi, hayo yanatosha.

Kila mwaka tangu nianze kazi hii nimesikia swali: je, huu ndio mwaka wa Linux? Swali hili limechakaa. Linux ilishashinda, ila ilishinda mahali ambapo hatuangalii. Tangu Novemba 2017 kila moja ya tarakilishi 500 zenye nguvu zaidi duniani inatumia Linux. Seva nyingi zinazokuletea kurasa za wavuti ni Linux. Na ukiwa Kenya, uwezekano ni mkubwa kwamba unasoma haya kwenye simu ya Android, ambayo moyo wake ni kerneli ya Linux. Yule mzee wa saiba aliyeifuta Linux mwaka ule, leo anatembea nayo mfukoni.

Zamani ningeishia hapo nikapiga makofi. Sasa siwezi.

Iangalie hiyo simu vizuri. Kerneli yake ni huria, ndiyo. Lakini je, ni yako? Watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu huacha kuzitumia masasisho baada ya miaka miwili mitatu, na huwezi kufanya lolote, kwa sababu draiva za vyuma vya ndani zimefungwa na mlango wa kuweka mfumo mwingine umetiwa kufuli. Mwaka 2020 ulipoanza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo hapa kwetu, wa kulipia simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku, watu wengi walipata simu ya kisasa kwa mara ya kwanza, na sitaubeza, ni jambo jema. Lakini ukichelewa kulipa simu inajifunga. Aliyekukopesha anayo funguo, na kwa deni hilo labda ni haki yake. Nataka tu muone kwamba ule moyo huria umekaa ndani na haukuzuii kufungiwa nje. Na Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu zitakazosakinishwa kwenye simu za Android zilizothibitishwa zitatakiwa kutoka kwa watengenezaji waliojiandikisha na kuthibitishwa utambulisho wao, kuanzia nchi nne mwaka 2026 kisha kwingineko kuanzia 2027. Baada ya makelele wakasema kutakuwa na njia kwa wajuzi wanaokubali hatari. Mimi ni mtengenezaji. Nimewahi kumtengenezea shemeji yangu programu ndogo ya kuhesabu maziwa anayopeleka kwenye chama cha ushirika, nikamtumia faili kwa WhatsApp, akaisakinisha, tukamaliza. Wazo kwamba kampuni iliyo California iwe katikati ya mimi na shemeji yangu halinifurahishi, hata kama sababu yao ni kupambana na matapeli. Na matapeli wapo, sikatai.

Kwa hiyo neno "huria" likikaa kwenye kerneli tu halitoshi. Swali nililokuwa nikilikwepa miaka yote ndilo hili: siku mwenye mfumo akisema basi, wewe unabaki na nini?

Hapo ndipo ninapotaka kuwapa kisa cha CentOS, maana nilikiishi. CentOS ilikuwa mfumo wa seva uliotengenezwa kwa kutumia msimbo wa Red Hat Enterprise Linux, bila malipo. Nusu ya kampuni nilizofanyia kazi zilikuwa nayo. Toleo la 8 lilipotoka mwaka 2019 liliahidiwa masasisho hadi 2029, tukapanga maisha yetu hivyo. Desemba 2020 Red Hat wakatangaza kwamba toleo hilo litakoma mwisho wa 2021. Zaidi ya miaka saba ikayeyuka kwa tangazo moja. Nilikuwa na mteja mwenye seva kumi na moja, na nilijua simu ya kwanza asubuhi itakuwa ya nani.

Mnaona? Hata huku kwetu mtu anaweza kuamka akakuandikia cheti cha kifo. Hatuna kinga dhidi ya kampuni kubadili nia. Tofauti ilikuja siku zilizofuata. Muda mfupi baada ya tangazo Gregory Kurtzer, mmoja wa walioanzisha CentOS, akatangaza mradi mpya alioupa jina Rocky Linux, kwa kumkumbuka mwenzake marehemu waliyeanza naye. Kampuni ya CloudLinux nayo ikaanzisha AlmaLinux, ikatoka Machi 2021. Rocky ikafuata katikati ya mwaka huohuo. Mimi niliwahamisha wateja wangu kwa amri chache na usiku wa kukosa usingizi, zaidi kwa hofu kuliko kwa kazi. Hakuna seva iliyotupwa, hakuna leseni mpya iliyonunuliwa. Hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na leseni iliruhusu mtu mwingine auchukue aendelee nao. Fikiria kama ingewezekana kuifanyia Windows 10 hivyo: Oktoba 2025 kundi la wahandisi Nairobi, Lagos na Jakarta linasema, sawa, nyinyi mmechoka, sisi tutaendelea kuziba matundu. Haiwezekani. Hata kama watu wangekuwepo, hata kama pesa zingekuwepo, sheria inakataza.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani naleta hadithi ya paradiso. Machi 2024 tulinusurika kwa bahati. Kuna maktaba ndogo ya kubana faili iitwayo xz, imo karibu kila mahali kwenye Linux, na ilikuwa inatunzwa kwa miaka na mtu mmoja asiyelipwa, aliyekuwa amechoka na amesema wazi kwamba amechoka. Mtu aliyejiita Jia Tan akaja kumsaidia, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akaficha mlango wa nyuma ndani yake. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft tena, kwa sababu aliona kuingia kwenye seva kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Watu husema msimbo ukiwa wazi macho mengi yanauangalia. Ukweli ni kwamba macho mengi yanapita, yanayoangalia ni machache. Na sisi watengenezaji wa Kenya tumo katika wanaopita. Tumejenga kampuni, tumenunua magari, kwa programu za watu wasiotujua, na wengi wetu hatujawahi kutuma hata ripoti moja ya hitilafu. Mimi nilituma ya kwanza mwaka wa tisa wa kazi yangu, na ilikuwa kosa la tahajia.

Serikali nazo zimejaribu. Jiji la Munich lilihamisha tarakilishi kama elfu kumi na tano kwenda Linux kwa muda wa miaka kumi hivi, halafu mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Kila nikitetea Linux kuna mtu atanirushia Munich usoni. Lakini polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008 na bado wako huko na makumi ya maelfu ya mashine. Jimbo la Ujerumani la Schleswig-Holstein lilitangaza mwaka 2024 kwamba linaondoa Windows na Office kwenye mashine elfu thelathini hivi, na Oktoba 2025 likamaliza kuhamisha barua pepe zake. Kwangu mimi sababu yao ndiyo ya kuangaliwa. Wanataja akiba ya pesa, ndiyo, lakini neno wanalolirudia ni uhuru wa kidijitali, kwamba ofisi ya umma isifungwe milango na uamuzi wa kampuni iliyo nchi nyingine. Ikiwa Mjerumani anaogopa hilo, mimi wa Kenya nitulie kwa lipi?

Haya, turudi shuleni.

Nilifika Jumamosi na flashi nne za Linux Mint 22, toleo la Xfce ambalo ni jepesi, lililoahidiwa masasisho hadi 2029. Nilikuwa nimemshauri Mwalimu shule inunue diski za SSD za mitumba, zile ndogo, kila moja kwa shilingi elfu mbili hivi, kwa sababu diski za zamani ndizo zilizokuwa zinachelewesha mashine kuliko kitu kingine. Mashine ya mitumba inayoweza kubeba Windows 11 nilikuwa nimetajiwa elfu ishirini na tano. Zidisha mwenyewe mara 24 uone harambee ya pili ingekuwa ya aina gani.

Mashine ishirini zilikubali bila tatizo. Moja ilikuwa na RAM mbovu, na nisingejua kama si kipimo kilichomo kwenye flashi yenyewe. Tatu zilikuwa wazee kabisa, za prosesa za biti 32, walizopewa na kanisa fulani kabla ya hizi za harambee. Mint ya sasa haiendi kwenye hizo. Hata Debian, iliyokuwa kimbilio la mashine kuukuu, katika toleo la 13 la Agosti 2025 iliacha kutoa kisakinishi cha biti 32. Kwa hiyo na sisi tunaua mashine, ila tunachelewa. Hizo tatu niliziwekea Debian 12, nikamwambia Mwalimu zisikaribie intaneti baada ya miaka michache.

Wanafunzi hawakuuliza hata swali. Walikaa, wakafungua kivinjari, wakafungua LibreOffice, mmoja akabadilisha picha ya mandhari kuwa ya mchezaji wa Arsenal kabla sijamaliza kuelezea. Mwalimu ndiye aliyekuwa na jasho. Printa ilikubali mara moja, hapo nikajidai. Lakini mtihani wa vitendo wa KCSE ulimkaa kichwani. Somo linataka hifadhidata na uchapishaji wa vipeperushi, na yeye tangu chuo amefundisha kwa Access na Publisher. LibreOffice ina Base mahali pa Access, na nitasema wazi, Base ni dhaifu. Inajikwaa. Kumtupia mtahiniwa wa Kidato cha Nne chombo kinachojikwaa muhula wa mwisho ni ukatili. Tukakubaliana mashine tano zibaki na Windows pembeni, bila waya wa intaneti, kwa ajili ya Kidato cha Nne tu. Mhubiri wa mwaka 2006 angeita huo ukafiri.

Tulipokuwa tunakunywa chai Mwalimu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. "Fundi, Windows ikiharibika namwita kijana yeyote hapo sokoni, anakuja kwa mia tano. Hii yako ikiharibika, na wewe uko Nairobi, namwita nani?"

Nilianza kumweleza kuhusu majukwaa ya msaada mtandaoni, nikajisikia mjinga katikati ya sentensi. Ameligusa penyewe. Mustakabali wa mifumo huria hapa kwetu hautaamuliwa na ubora wa kerneli, wala na Microsoft, wala na Google. Utaamuliwa na yule kijana wa sokoni wa mia tano, kama anajua au hajui. Windows ilishinda Kenya kwa sababu kila mtaa una mtu anayeijua, aliyejifunza kwa kuharibu mashine za watu. Sisi wa programu huria tulibaki Nairobi tukihudhuria mikutano, tukila sambusa na kugawana vibandiko vya kupamba vipakatalishi. Ruhusa ya kuurekebisha mfumo haina maana kama hakuna mwenye mkono wa kuurekebisha umbali wa bodaboda.

Basi nilibaki hadi Jumapili. Mwalimu akaniletea wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu, msichana na mvulana, ambao alisema wana mikono isiyotulia. Niliwafundisha kusakinisha kutoka mwanzo. Halafu nikawaambia waiharibu mashine nambari saba kwa njia yoyote wanayoweza, kisha waifufue. Msichana aliifuta folda ambayo sikuwa nimewazia mtu angeigusa. Walikaa nayo hadi mlinzi akaja kufunga lango. Niliwaachia flashi zote nne, na namba yangu ya simu wakaiandika nyuma ya daftari.

Wiki tatu baadaye, saa tatu usiku, ujumbe ukaingia kutoka simu ya Mwalimu, lakini uandishi haukuwa wake. Mashine nambari kumi na mbili ilikataa kuwaka baada ya sasisho, ulisema. Tumeingia kwenye menyu ya kuwashia, tumechagua kerneli ya zamani, imewaka. Hii mpya tuifute au tusubiri nyingine?

Nikawajibu wasubiri. Kisha nikaona kwamba muda walioutaja wa kuharibika kwake ulikuwa saa nne asubuhi ya siku iliyotangulia, na kwamba Mwalimu alikuwa amefundisha vipindi viwili na mashine hiyo kabla mtu yeyote hajafikiria kunipigia.